Mikebe Mitatu ya Majivu

Nilipoacha kazi ya kufundisha chuoni na kurudi Makueni kuishi maisha rahisi, nilikuja na lori. Lilikuwa dogo, lakini lilikuwa lori. Lilibeba kitanda cha mbao zisizopakwa rangi, kiti kimoja cha kukalia nikitafakari, chungu cha udongo, kandili kutoka duka la Nairobi ambako kandili huuzwa kama mapambo, na kiondo kikubwa cha katani. Mama alisimama uani akitazama vitu vikishushwa. Alikichukua kile kiondo, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye kitako chake.

"Aliyesuka hiki alikuwa na haraka," alisema.

Akakitundika jikoni kwake pamoja na vile alivyosuka mwenyewe, na tangu siku hiyo kikawa cha kubebea viazi.

Sababu zangu zilikuwa za kweli, hata kama lori lilizifanya zionekane mzaha. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeishi katika nyumba ya Nairobi iliyojaa vitu. Nilikuwa na mashine ya kuoka mkate iliyowahi kuoka mkate mara mbili. Nilikuwa na viatu vilivyongoja sherehe ambazo hakuna aliyenialika. Siku moja nilijikuta katikati ya supamaketi, mikono juu ya kitoroli, nikiwa sikumbuki nilikuja kutafuta nini, na bado kitoroli kilikuwa kinajaa. Niliogopa. Nilijiona mzee, nikisukuma kitoroli kile hadi kaburini. Nilianza kugawa vitu. Nikaandika makala kuhusu kugawa vitu, watu wakaniandikia kunisifu, nami nikajipenda sana. Mke wangu, ambaye ana kazi yake Machakos na hana mpango wa kuiacha, aliniambia nitangulie kwenye hayo maisha rahisi, halafu nimpigie simu nimwambie yanapatikana upande gani.

Nyumbani kwetu ni chini ya Kikima, pale milima inapoishia na ukavu kuanza. Ukiwa Kikima unaona migomba na majani mabichi. Ukiteremka hadi kwetu, unaona makonge, mawe, na watu wanaoangalia mawingu kama watu wanaongoja mgeni aliyewahi kuwadanganya. Mama anaishi hapo peke yake tangu baba afariki. Analima mwenyewe, magoti yakiwa yamechoka, na hataki kusikia habari ya kuhamia mjini wala kuletewa msichana wa kumsaidia. Kule kujitegemea ndiko kunakomsimamisha asubuhi.

Nilijenga chumba kimoja pembeni mwa ua. Nikapaka kuta chokaa. Ndani niliweka kitanda, kiti, kandili na vitabu vitatu. Sikuweka rafu, kwa sababu nilikuwa nimesoma mahali kwamba rafu huita vitu. Asubuhi nilifungua mlango, mwanga ukaingia na kukuta sakafu tupu, nikajisikia kama mtu aliyepona.

Kisha nilivuka ua kwenda kunywa chai jikoni kwa mama, na ugonjwa ukarudi.

Mama alikuwa na mitungi ya plastiki ishirini na kitu, mingine imepasuka na kuzibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa. Alikuwa na majembe yasiyo na mipini na mipini isiyo na majembe. Kulikuwa na magunia yaliyokunjwa, chupa, vipande vya mabati, kamba za kila urefu, sufuria zilizotoboka, na mikebe ya mafuta ya kupikia, mitupu na iliyojaa. Nilimwambia mara moja, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwamba mtu hahitaji vitu vingi hivyo.

"Ni kweli," alisema. "Kunywa chai."

Mwezi wa tisa, kanisa lao lilifanya kongamano la akina mama huko Kikima, siku nne. Mama aliondoka na kitambaa chake cheupe na Biblia yake ya Kikamba. Akaniachia kuku, na neno moja: nisisahau kuwapa maji. Sikusahau. Lakini mtu hawezi kuwapa kuku maji siku nzima. Siku ya pili nikaamua kumpa mama zawadi.

Nilifagia jikoni nzima. Nilitoa mitungi iliyozibwa, majembe, magunia, sufuria, na kuvipanga kando ya njia. Nilidhani nitahitaji mtu wa kuvibeba hadi shimo la taka. Kabla ya saa sita hapakuwa na hata kamba moja. Watu walipita, wakauliza kwa adabu kama kweli vinatupwa, wakabeba, wakanishukuru kama mwana mkarimu. Ningepaswa kushtuka hapo. Nilichosikia ni fahari.

Chini ya meza, nyuma kabisa, kulikuwa na mikebe mitatu iliyofungwa vizuri kwa nailoni na mpira. Nikafungua wa kwanza: majivu. Wa pili: majivu. Wa tatu: majivu. Nilicheka peke yangu. Mtu anaweza kuelewa mkebe mmoja wa majivu. Mitatu, tena imefunikwa kama asali, niliiona kama dalili ya uzee, na moyo wangu ukamwonea mama huruma. Nikafanya kile ambacho kila mtu wa kwetu hufanya na majivu. Nikayapeleka chooni na kuyamwaga katika shimo, maana yanakata harufu. Yalipofika chini nilisikia mlio mwembamba, kama mvua inayoanza kwenye majani makavu. Nikadhani ni vipande vya makaa. Nikaosha mikebe kwa sabuni na kuiweka juani, midomo chini, iking'aa.

Mama alirudi siku ya nne, mchana. Aliona jikoni, akazungusha macho kila kona. Nilidhani amefurahi. Akatoka uani, akaona mikebe.

"Hii ilikuwa na kitu ndani."

"Majivu, mama."

"Umeyapeleka wapi?"

"Chooni."

"Ya mikebe yote?"

"Yote."

Akafungua kitambaa cha kichwani, akakifunga tena vilevile kilivyokuwa. Kisha akaenda chooni. Hakuingia. Alisimama mlangoni, mkono kwenye mwimo, kwa muda mrefu, jinsi watu wanavyosimama kwenye kaburi ambalo wengine wameshaondoka. Mimi nilibaki uani na maji ya kuku mkononi.

Aliporudi ndipo akaniambia. Ndani ya majivu yale kulikuwa na mawele, ambayo sisi huita mwee. Punje zake ni ndogo na za kijivu, na majivu huyalinda yasiliwe na wadudu. Ukiyachanganya vizuri hutaona chochote. Hiyo ilikuwa mbegu yake yote, na haikuwa mbegu ya kila mtu. Ilikuwa mawele yenye ndevu, ambayo suke lake lina nywele ngumu kama za brashi. Ndege hawayapendi, yanawachoma. Mama yake ndiye aliyempa siku alipoolewa.

Hapo nikaelewa kidogo nilichofanya. Mawele ya kawaida yanahitaji mtu shambani tangu alfajiri hadi jioni, wiki baada ya wiki, akipiga kelele na kurusha mawe ili ndege wasimalize kila kitu. Mama hawezi tena kukimbia shambani. Mbegu ile ndiyo iliyomruhusu kuzeeka bila kumwomba mtu. Mimi niliyekuja kujifunza kuishi bila kutegemea duka nilikuwa nimemwaga chooni kitu pekee pale nyumbani ambacho hakikuwahi kutoka dukani. Na mvua za mwisho wa mwaka, ambazo kwetu ndizo mvua, zilikuwa zimebakiza majuma machache.

Hakunigombeza. Ningependelea anigombeze.

Kesho yake nilifanya jambo ambalo bado linanitia aibu, kwa sababu lilinionyesha nilivyo. Nilikwenda kununua. Niliteremka hadi Sultan Hamud, nikaingia duka la pembejeo, nikamweleza mwenye duka nataka mawele mazuri kuliko yote aliyo nayo. Akanipa pakiti zenye picha ya shamba na maneno mengi. Nilirudi nimezikumbatia. Mama alipasua moja kwa meno, akamimina punje kiganjani. Zilikuwa za waridi.

"Zimepakwa rangi ya kucha," alisema.

"Ni dawa, mama. Ya wadudu."

"Mvua isipokuja, nitazipika?"

Nikasema hapana, hiyo dawa ni sumu.

"Yangu ingepikika." Akazirudisha ndani ya pakiti, moja moja, bila kuangusha hata moja. "Na hizi zina ndevu?"

Sikuwa nimeuliza.

Ndipo nilipojua kuna mahali pamoja ambapo mbegu ile ingeweza kuwa bado ipo, na kwa nini mama hakupataja. Bibi yangu alikuwa na mabinti wawili, na kila mmoja alipoolewa alipewa kibuyu chake cha mawele. Mama mdogo aliolewa Kitui, upande wa kusini, ambako ukavu wetu ungeitwa neema. Miaka mingi iliyopita, mvua ziliposhindwa mara mbili mfululizo, mama mdogo alikuja kwetu kuomba mbegu. Yake alikuwa ameila. Mama alimpa. Lakini alipokuwa akimpa alimwambia kwamba mwanamke anayemaliza mbegu yake ni mvivu. Tangu hapo waliendelea kuhudhuria vizuri harusi za watoto wao na misiba yao, lakini neno hilo lilibaki palepale, kama jiwe ambalo kila mtu amezoea kulizunguka.

"Nimpigie simu?" niliuliza.

"Jambo kama hilo haliombwi kwa simu. Na haliombwi na mimi." Aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Nani alimwaga?"

Nikabeba sukari, majani ya chai na mkate, nikateremka hadi Kibwezi, nikaingia Kitui. Nilimkuta mama mdogo akipepeta kunde mbele ya jikoni. Ni mfupi kuliko mama na ana kicheko kinachoanza kabla ya maneno. Alinisalimu, akanipa kigoda, akaniuliza habari za kila mtu kwa zamu. Nilipomaliza kila mtu, ikabidi nieleze. Nilieleza yote, pamoja na sabuni.

Alicheka hadi akaweka ungo chini. Kisha akajipangusa macho kwa leso na kuanza kunihoji.

"Wewe ndiye ulisoma chuo kikuu?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Na ulikuwa unafundisha watu?"

"Ndiyo."

"Unawafundisha nini?"

"Fasihi."

"Aa," alisema, kama mtu aliyepata jibu la mengi. "Sasa, vitu vya mama yako ulikuwa unavitupa kwa nini?"

"Nilikuwa napunguza. Nilidhani ni vingi."

"Kwani vilikuwa vimekukalia?"

Nimelifikiria swali hilo kuliko vitabu vyangu vitatu. Nilikuwa nimeona vitu vya mama na vitu vyangu vya Nairobi kuwa ugonjwa mmoja, kwa sababu vyote vilikuwa vingi. Lakini mimi nilikuwa na vitu kwa sababu nilipita karibu na duka. Mama alikuwa navyo kwa sababu duka liko mbali na mvua iko mbali zaidi. Mtungi uliopasuka hauwezi kubeba maji, lakini unawekwa chini ya paa siku ya mvua. Mpini usio na jembe unangoja jembe. Hata ule wepesi niliojisifia kwenye makala, wa kutupa bila kuangalia nyuma, niliupata madukani. Anayetupa hivyo anajua moyoni kwamba akikosea atanunua kingine. Nilikuwa nimeacha kununua na bado nilikuwa mnunuzi.

Mama mdogo alinyanyuka, akaingia jikoni, akanionyesha juu. Masuke yalikuwa yamening'inia juu ya moto, meusi kwa masizi. Akaniamuru niyashushe. Nilishika la kwanza, likanichoma kiganja.

"Hizo ndizo ndevu," alisema. "Sasa mmejuana."

Tulikaa na kuyapukuchua, yeye kwa haraka, mimi kwa maumivu. Hapo ndipo alipoacha kucheka. Aliniambia habari ya mwaka ule, bila mimi kuuliza. Mbegu ilikuwa kwenye majivu, kama ya mama. Aliiosha mara saba ili majivu yatoke, na uji bado ulikuwa na rangi ya moto uliozimika. Watoto walikunywa wakanyamaza, na hicho ndicho alichokuwa akitafuta, wanyamaze. Kisha akavuka kwenda kwa dada yake, akapewa mbegu pamoja na lile neno. "Nilibeba vyote viwili," alisema. "Mbegu niliipanda."

Alipima punje katika kibuyu, zikafika nusu. Nikangoja.

"Ni hiyo. Mvua yangu pia inakuja." Akaziba mdomo wa kibuyu kwa gunzi la mahindi, na kabla ya kunikabidhi akakishikilia. "Mpelekee dada yangu na salamu. Mwambie hivi, na usipunguze neno, wewe unayependa kupunguza. Mwambie: mimi yangu niliila. Yako imeliwa na nani?"

Njia nzima nilifikiria namna ya kulipunguza. Nimefanya kazi ya maneno maisha yangu yote, najua kulainisha. Ningeweza kusema mama mdogo anakusalimu sana, amecheka, anakupenda. Vyote hivyo vilikuwa kweli.

Mama alikuwa amekaa kizingitini akichagua mawe kwenye pojo. Nikaweka kibuyu mbele yake. Hakukigusa.

"Alisema nini?"

Nikalisema lote, kama nilivyopewa.

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. Kuku mmoja akasogea, akadonoa pojo, na mama hakumfukuza, jambo ambalo sijawahi kuliona maishani mwangu.

"Alisema hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Watoto walikuwa wanne," alisema. "Angefanya nini? Nilijua hata siku ile nilipokuwa namwambia. Nilikuwa na hofu atazila na hizo, na mimi pia nina watoto, na wewe ulikuwa ndani ya nyumba unalia njaa." Akamfukuza kuku. "Nipe simu."

Sasa jambo lilikuwa la simu. Nilimtafutia namba nikasogea mbali, lakini ua wetu si mkubwa. Nilisikia akisema kwa Kikamba kwamba imefika, kisha akasikiliza, kisha akasema sentensi moja kwa sauti ya chini sana ambayo sikuisikia na sitaiuliza. Halafu wakaanza kuzungumzia magoti, na wakayazungumzia hadi simu ikaisha chaji.

Siku iliyofuata alinifundisha kugawa. Alitandika leso, akamimina mawele, akayatenga mafungu matatu kwa kiganja, bila kupima. Fungu la kwanza hupandwa kwenye udongo mkavu, kabla ya mvua, kwa imani. La pili hungoja, kwa sababu mvua ya kwanza mara nyingi ni ya uongo, inaotesha kisha inaondoka. La tatu haliguswi. Hilo ni la mwaka ambao mafungu mawili ya kwanza yamekufa. Kwa hiyo mikebe mitatu niliyoicheka ilikuwa jinsi anavyofikiri kuhusu mvua. Mimi niliona kitu kimoja kimerudiwa bure.

Nikachekecha majivu ya jikoni kwa kitambaa, nikayachanganya na punje kwa vidole hadi zikapotea machoni. Nilileta mikebe yangu safi. Kwa kuwa mimi ni mimi, nikakata vipande vya karatasi na kuandika kwa herufi kubwa: MBEGU, SI MAJIVU. Nikavibandika.

Mama alisoma polepole. "Bandika na kingine chooni," alisema, "usije ukapotea."

Nilicheka, na yeye akacheka, kidogo. Kisha akachukua mkebe wa tatu, akaufunga nailoni, akavuta mpira, na badala ya kuurudisha chini ya meza akaniwekea mikononi.

"Huu ukae kwako."

"Kwangu? Mama, mimi ndiye niliye—"

"Ndiyo. Wewe hutamwaga tena. Mtu mwingine anaweza." Akashika goti na kusimama kwa awamu mbili, kama anavyosimama siku hizi. "Mimi sitapanda mvua nyingi. Mama yako mdogo naye amechoka. Iko siku mtu atakuja kuuliza hapa, na wewe ndiye utaulizwa. Ukimpa, mpe tu. Usimwambie neno."

Ninapoandika haya, mkebe wa kwanza uko ardhini na mvua haijaja. Kila asubuhi mama anatoka kuangalia upande wa Kitui, ambako mawingu hukusanyika na kubadili mawazo. Baadhi ya majirani wamerudisha mitungi, mmoja mmoja, wakisema waliiazima tu. Bado naamini katika maisha rahisi, na bado nalala kwenye kitanda kisichopakwa rangi. Ila chumba changu si kitupu tena. Sikuweka rafu, na nililijivunia hilo. Mkebe hauwezi kukaa chini, panya wataufikia. Kwa hiyo umekaa juu ya kile kiti cha kutafakari, na mimi nakaa kitandani, nikiuangalia.